Mlangoni pa Kinu

Walipoingia kupima chumba, Noela alikuwa amepiga magoti juu ya godoro, anashona kona ya mwisho kwa sindano ndefu ya magunia. Kijana aliyeshika futi ya kamba nusura amkwae. Nyuma yake alikuja Stanslaus, meneja wa mradi, kijana mwenye shati safi na adabu nzuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Tunaomba usogee kidogo tu. Kamba inatakiwa kupita hapo ulipo."

Noela akasogea. Kijana wa kamba akapita, na kiatu chake kikaacha alama ya udongo kwenye kitambaa kipya cha maua. Nelly, binti yake Noela, aliacha kuzungusha cherehani akaitazama ile alama, kisha akamtazama mama yake. Hakuna aliyesema pole.

"Hapa mnataka kuweka nini?" Noela aliuliza.

"Mgahawa wa kahawa," alijibu kijana kabla ya bosi wake. "Watu wanakaa na kompyuta zao, wanafanya kazi, wanakunywa kahawa."

"Watu gani?"

Kijana akamgeukia Stanslaus.

"Wabunifu, mama," alisema Stanslaus. "Wachoraji, wapiga picha, vijana wenye biashara mpya. Kinu hiki cha kuchambulia pamba kimekufa muda mrefu. Tunataka kukifufua."

Noela akatazama chumba chake. Pamba iliyokwisha kupigwa ilirundikwa hadi karibu na dirisha. Magodoro ya harusi ya watu wa Mhunze yalisimamishwa ukutani, yakisubiri kuchukuliwa. Kutoka chumba cha injini ilisikika mashine ya Pantaleo, fundi wa kuchomelea, ikikata chuma cha geti la mtu. Nje, kwenye banda la mizani ambako zamani wakulima walipimiwa pamba, Mwamvua alikuwa anamwita mteja aje achukue wali wake kabla haujapoa. Kwenye sakafu ya marobota, ambako zamani pamba ilifungwa, kikundi cha ngoma kilikuwa kinabishana juu ya nani avae njuga.

"Kimekufa," alisema Noela.

"Ndiyo, mama. Ila msiwe na wasiwasi. Nyinyi mliomo mtapewa nafasi ya kwanza kuomba."

"Kuomba nini?"

"Nafasi ya kuwemo."

"Si nimo."

Stanslaus alicheka kidogo, bila dharau. Yeye mwenyewe alizaliwa huku. Baba yake aliwahi kulala kwenye foleni ya mizani na mkokoteni wa pamba, na yeye alikuwa ameahidi moyoni kwamba siku moja atafanya jambo kwenye jengo hili. Aliamini kabisa alichokuwa anasema. Hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kubishana naye.

Walipoondoka, Nelly alichukua kitambaa chenye maji akaanza kufuta alama ya kiatu. Udongo ukazidi kusambaa.

"Acha," alisema mama yake. "Tutakigeuza upande wa chini."

*

Jioni, Noela alipofika nyumbani alimkuta mumewe Ngassa amekaa kibarazani, amevaa shati la rangi ya samawati lenye mifuko miwili na nembo begani. Alilivaa limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni.

Ngassa alikuwa hajavaa kitu cha kazi tangu arudi kutoka machimbo ya Nyarugusu. Kule alikwenda na mapafu yake akarudi na kifua kinachopiga filimbi, kwa sababu alikaa miaka mingi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, akivuta vumbi. Hawezi kulima. Hawezi kumsaidia mkewe, maana vumbi la pamba likimwingia anakohoa mpaka anashika ukuta. Kwa hiyo anakaa kibarazani. Wapita njia wanamwamkia, yeye anawaitikia, na siku inakwisha.

"Umependeza," alisema Noela. "Umetoka wapi nalo?"

"Nimepata kazi." Alijaribu kulisema polepole kama jambo la kawaida, lakini sauti ilimtoroka. "Kinuni. Stanslaus alikuja mwenyewe hapa. Alikaa kwenye kigoda hicho. Amesema wanataka mtu wa kukaa mlango mkubwa, anayejua habari za kinu, awasimulie wageni. Nimemwambia mimi nilisukuma marobota pale kabla sijaoa. Akafurahi sana. Ananiita Mzee Ngassa."

Noela akakaa. Alimtazama mumewe alivyonyoosha mgongo.

"Hongera, Baba Nelly."

"Asante."

"Na sisi tuliomo ndani, hakukwambia kitu?"

Ngassa akapapasa kifungo. "Alisema. Ukarabati unaanza Jumatatu. Mnatakiwa muwe mmetoka. Watawapa gari la kubebea vitu, bure."

"Tupeleke wapi?"

"Hapa. Unaweza kushonea hapa uani."

"Pamba yote ile, hapa uani. Mvua ikija? Na wewe utakaa wapi na kifua hicho?"

Nelly alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya maharage, asijue kama aitue au arudi nayo.

"Mama Nelly," alisema Ngassa, "wewe huwezi kujua. Kila siku unaamka unakwenda kwenye kazi, watu wanakutafuta. Mimi natafutwa na nani? Leo mtu mwenye gari ameuliza nyumba yangu. Sijaomba kitu kingine. Nakuomba tu utoke kwa amani."

"Nikuulize jambo moja."

"Uliza."

"Alikupa kazi hii kabla hajajua kwamba mimi ni mkeo, au baada ya kujua?"

Ngassa akafungua kifungo cha shingoni, kama kinachombana, akainuka kwenda kulala bila kugusa chakula.

*

Ijumaa Stanslaus aliwaita wote uani. Alikuja na picha kubwa iliyochorwa ya kinu kitakavyokuwa, akaibandika ukutani. Kuta zilikuwa nyeupe, madirisha ya vioo, na watu wembamba wamekaa kwenye viti virefu. Nelly aliikagua picha mpaka akachoka.

"Banda la mizani silioni," alisema.

"Hapo patakuwa maegesho," alijibu Stanslaus.

Mwamvua alifuta mikono kwenye kanga. Baba yake aliletwa na kinu kutoka Tabora enzi hizo, akiwa fundi wa injini, na yeye alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya ukuta ule. "Yaani mimi nitaegeshewa gari juu ya jiko," alisema, na watu wakacheka.

Stanslaus alisubiri wanyamaze. Akaeleza kwamba chama cha ushirika, ambacho ndicho mwenye jengo, kimekwisha kulikodisha kwa kampuni yake ya Mwanza. Akaeleza kuhusu ajira na wageni. Akataja kodi mpya ya kila chumba, na kicheko chote kikaisha, kwa sababu hapakuwa na godoro wala geti wala sahani ya wali ambayo ingeweza kuilipa.

"Lakini siku ya uzinduzi tunawahitaji," aliongeza. "Kuna wageni wakubwa. Tutawapa fulana, mje mkae kama mlivyokuwa mnakaa, muonekane mko kazini. Mama Nelly, wewe ungetengeneza vimito vidogo vidogo, vizuri kwa picha. Magodoro ni makubwa mno."

"Watu wanalala kwenye vimito?" Noela aliuliza.

"Ni kwa ajili ya wageni, mama."

"Na baada ya uzinduzi?" aliuliza Mwamvua.

"Kutakuwa na chakula."

"Atapika nani?"

Stanslaus alikunja mikono, akasema Jumatatu ni Jumatatu, na kwamba hapendi kutumia nguvu.

Pantaleo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuondoka. Kesho yake alipakia mashine yake kwenye gari la bure, mitungi na vyuma vyote. Alisimama mbele ya Noela akiwa ameshika kofia.

"Nina ndugu Buseresere, ana eneo kando ya barabara," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Usinifikirie vibaya, mayu. Mimi nikikaa siku bila kuchomelea, nyumbani hawali."

"Sikufikirii vibaya. Nenda salama, ngosha," alisema Noela, akimwita mwanamume kwa lugha hiyo hiyo.

Gari lilipotoka, chumba cha injini kilibaki na harufu ya chuma kilichoungua. Wale wengine walikaa wakitazamana. Noela akachukua fimbo zake akaendelea kupiga pamba, kwa nguvu kuliko kawaida, mpaka Nelly akatoka nje kupumua.

*

Jumatatu asubuhi Ngassa alitangulia kuondoka nyumbani. Noela alipofika na Nelly, cherehani ikiwa nyuma ya baiskeli kwa sababu walikuwa wameipeleka kwa fundi siku ya Jumamosi, walimkuta kwenye kiti cha plastiki mbele ya mlango mkubwa wa bati, ule wa kusukuma, wenye upana wa kupitisha lori. Mlango ulikuwa wazi. Ndani mafundi walishaanza kubandua plasta.

Ngassa akasimama. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Mwangaluka, Baba Nelly," Noela alimwamkia kwa Kisukuma, kana kwamba hawakuamka kitanda kimoja.

"Mwangaluka. Mama Nelly, siwezi kukuruhusu uingie."

Mafundi waliacha nyundo. Mwamvua, aliyekuwa amekatazwa kuwasha jiko akaliwasha hivyo hivyo, alinyanyua kichwa. Nelly aliinama akajifanya anakaza kamba ya baiskeli. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwona baba yake akimzuia mama yake mbele za watu.

"Vitu vyangu vimo ndani," alisema Noela.

"Nitawaambia wakutolee."

"Watoe."

Mafundi wakatoa pamba, vitambaa, fimbo, na godoro lililokuwa halijaisha. Waliviweka pale kwenye kizingiti, wakitarajia gari la bure lije lichukue. Noela alishusha cherehani kwenye baiskeli. Akatandika godoro katikati ya kizingiti, palipokuwa na kivuli cha paa na upepo kidogo, akavua kandambili, akapiga magoti na kuanza kushona.

Ngassa alisubiri ainuke. Hakuinuka.

"Mama Nelly."

"Naam."

"Unafanya nini?"

"Nashona. Watu wa harusi wanakuja kuchukua."

Lori la vioo kutoka Mwanza lilifika jua likiwa juu kidogo. Dereva alipiga honi, akashuka, akamkuta mama amekaa katikati ya njia na msichana anazungusha cherehani pembeni yake. Aliangalia huku na huku. Kisha akasikia harufu ya maharage ya nazi, akaenda kukaa kwa Mwamvua.

Stanslaus alikuja kwa mwendo wa haraka. Alimwomba Noela kwa upole, kisha kwa ukali kidogo, kisha akapiga simu. Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Vijana wa ngoma walikuja na ngoma zao, wakazikalia bila kuzipiga. Mtendaji wa kijiji alifika na mgambo wawili, akasikiliza pande zote, akajikuna shingo.

"Mama Nelly, inuka tuzungumze ofisini."

"Tuzungumze hapa, mheshimiwa. Mikono inashona, masikio yako wazi."

Mgambo mmoja akapiga hatua. Mtendaji akamshika mkono. Alijua watu wale wote kwa majina, na alijua mwenyekiti wa kijiji ana uchaguzi karibuni.

"Mimi siwezi kumshika mke wa mtu mumewe akiwa amesimama hapo," alisema. "Ngassa ndiye mlinzi, na ndiye mume. Ngassa, mtoe mkeo."

Ngassa alihisi macho ya watu wote yakimwangukia, na shati jipya likamkaba. Vumbi la plasta lilikuwa linatoka ndani, kikohozi kikamshika, akainama mikono magotini. Hakuna aliyecheka. Noela aliacha kushona kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaweka sindano chini, akasubiri. Hakumtazama usoni, asije akaonekana anamwomba.

Kikohozi kilipopoa Ngassa alisema, "Kazi niliyopewa ni kuangalia mtu asiingie ndani."

"Sawa," alisema Stanslaus.

"Hajaingia."

"Amekaa mlangoni, Mzee Ngassa."

"Mlangoni si ndani."

Watu wakaguna. Stanslaus alimsogelea, akashusha sauti. "Mzee wangu, unaipenda kazi hii?"

"Naipenda sana." Ngassa alijibu kwa sauti ya kawaida, wote wakasikia. "Usiku wa kuamkia leo sikulala kwa kuipenda. Tangu nitoke Nyarugusu hakuna mtu aliyenipa kiti akaniambia kaa hapa, tunakuhitaji."

"Basi ifanye."

"Ndiyo naifanya. Umeniweka nizuie watu kwenye mlango huu. Anayetaka kumtoa huyu mama lazima apite hapa, na mimi nitamzuia. Ukiona sifai, nivue shati kwanza. Lakini mvue mtu mzima wewe mwenyewe, usimtume mgambo."

Akasimama kati ya mkewe na watu wote. Stanslaus alimtazama. Alimwona baba yake mwenyewe kwenye foleni ya mizani, na hakupenda alichokiona. Akageuka akaenda kwenye gari lake, akakaa humo na simu sikioni kwa muda mrefu, madirisha yamefungwa.

Lori la vioo halikupita siku ile.

*

Wiki ile walikalia kizingiti kwa zamu. Noela akiondoka anakaa Mwamvua na vitunguu vyake, Mwamvua akiondoka wanakaa vijana wa ngoma. Ngassa alikuja kila asubuhi na shati lake, akakaa kwenye kiti chake, na hakuna aliyemwambia chochote, wala kizuri wala kibaya. Usiku waliongea kidogo yeye na mkewe.

"Ulinizuia mbele za watu," Noela alimwambia siku moja wakila.

"Nilikuzuia."

"Nilitamani ardhi ipasuke."

"Na mimi nilitamani hivyo hivyo," alisema Ngassa, akamsogezea bakuli la mlenda.

Alhamisi Stanslaus alimfuata Noela peke yake. Kampuni imekubali, alisema, apewe kona kule nyuma, kwenye ghala la mbegu, kwa kodi ile ile aliyokuwa analipa ushirika.

"Na Mama Fikirini?" Noela aliuliza. Hilo ndilo jina walilozoea kumwita Mwamvua.

"Huyo ni chakula. Chakula kina utaratibu mwingine."

"Na wale wa ngoma?"

"Mama, mimi nimekupigania wewe."

"Nashukuru. Karudi ukatupiganie sote."

Alirudi kweli, na kwa taabu. Viongozi wa ushirika walikuja, wakaona aibu kuonekana wameuza watu wao, wakawa wakali kwa kampuni kuliko walivyokuwa siku ya kutia saini. Kampuni nayo ilikuwa na vioo vinavyokaa juani. Mwishowe wakakubaliana kwenye mkataba mmoja, wenye majina ya wote: ghala lote la mbegu, lenye mlango wake, liwe la waliokuwemo. Mwamvua akapata kibaraza cha ghala, ingawa hakupata tena banda la mizani, na siku walipolibomoa alikwenda kwao asubuhi na hakurudi mpaka kesho yake. Kikundi cha ngoma kiliruhusiwa Jumamosi tu. Pantaleo alipigiwa simu arudi. Alisema ameshajenga kibanda Buseresere, na kwamba anawapongeza.

Noela alichukua mkataba, akampa Nelly asome kwa sauti, akasaini. Kisha akaondoka kizingitini, lori likapita.

Siku hiyo hiyo Ngassa aliachishwa kazi. Stanslaus hakuja mwenyewe. Alimtuma kijana wa kamba, ambaye alisimama mbali akasema wanalihitaji shati. Ngassa alilivua pale pale, akalikunja mifuko ikiwa juu, akamkabidhi. Akatembea kwenda nyumbani na fulana ya ndani, katikati ya barabara, akiwaitikia watu salamu.

Kesho yake Noela aliamka akamkuta ananawa uso uani.

"Unakwenda wapi mapema hivi?"

"Kinuni."

"Si wamekuachisha?"

"Wameniachisha kwenye mlango wao," alisema Ngassa. "Ghala la mbegu lina mlango wake. Nani anaukalia?"

Noela alitaka kusema kuhusu kifua chake. Akaona bora anyamaze, akaenda kumtafutia shati la kitenge alilovaa kwenye harusi ya mdogo wake.

*

Siku ya uzinduzi magari yalijaa palipokuwa na mizani. Kulikuwa na maspika, viti vyenye vitambaa vyeupe, na hotuba. Kuta zilikuwa nyeupe kama kwenye picha. Fulana za bure ziliachwa kwenye boksi, maana hakuna mtu wa ghala la mbegu aliyekwenda kuchukua yake. Kwao ilikuwa siku ya kazi. Msimu wa harusi ulikuwa umeanza, na Noela alikuwa na maagizo yaliyomzidi, hata vijana wa ngoma walikuja kumsaidia kupiga pamba.

Hotuba zilipoisha, wageni wakasikia fimbo zikipiga pamba upande wa nyuma, kwa mpigo wa watu wengi, wakauliza ni nini kile. Stanslaus hakuwa na la kufanya ila kuwaongoza. Walifika kundi zima, wanaume kwa wanawake, simu zimeshanyanyuliwa tayari kwa picha.

Ngassa aliinuka kwenye kigoda chake nje ya mlango, upande ambako upepo hauleti vumbi. Aliwaamkia vizuri, akawapa mkono mmoja mmoja, Stanslaus naye akampa.

"Karibuni sana. Subirini hapo kidogo."

"Mzee Ngassa, wageni wana haraka," alisema Stanslaus.

"Nimesikia, mwanangu."

Akasukuma mlango nusu, akaingiza kichwa. "Mama Nelly, kuna wageni. Waingie?"

Ndani, Noela alikuwa juu ya godoro, goti moja limezama kwenye pamba. Aliona kupitia mwanya viatu vilivyong'arishwa, na uso wa Stanslaus uliojaa jasho. Akavuta uzi mpaka mwisho, akaukaza.

"Nimo katikati ya kona," alisema. "Wasubiri."

Ngassa akarudisha mlango, akawageukia.

"Mmesikia wenyewe," alisema, akakaa. Wageni wakasimama juani, wakasubiri.